Chai ya Dar inafuata wanaoshuka

Ukitaka kujua pa kula asubuhi jijini Dar es Salaam, usianze kwa kuuliza majina ya mikahawa. Uliza watu wanashukia wapi.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wao wanalala mbali na wanakofanyia kazi. Mtu wa Mbagala, Chanika, Gongo la Mboto, Bunju au Kibamba huamka kabla ya adhana ya alfajiri, akaoga, akavaa, akatoka. Kuwasha jiko kwa ajili ya kikombe cha chai ni kujichelewesha, na ukichelewa kidogo tu utakuta foleni imeshaziba barabara. Basi anapanda daladala tumboni hamna kitu, na chai inamngoja mbele ya safari. Ndiyo maana sehemu nzuri za kula asubuhi katika jiji hili hazijapangwa mtaa mmoja wala hazina mabango. Zimejipanga pale konda anapogonga bati na watu wakateremka.

Orodha nyingi za pa kula Dar zinaanzia Masaki na kuishia Oysterbay. Huko nako tutafika. Ila anayezifuata hizo peke yake atakuwa amekula chakula cha hoteli, na chakula cha jiji kimempita.

Kwa anayeamka mapema kweli, pa kuanzia ni Feri. Soko hili la samaki la Magogoni, lililojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, linachangamka wakati mitaa mingine bado ina giza. Boti zilizokesha baharini zinaingia, madalali wananadi, na wanunuzi wanazunguka meza za zege wakifunua mashavu ya samaki kutazama wekundu wake. Watu hawa wamekuwa macho tangu usiku, kwa hiyo chai yao si ya mkate na siagi. Wanataka supu ya samaki: changu au kolekole aliyekatwa vipande vikubwa, mchuzi mwepesi wenye nyanya, kitunguu na ndimu, na pilipili ya kutosha kumzindua mtu. Upande wa wakaangaji kuna makarai makubwa juu ya moto wa kuni, na humo wanatoka vibua, ngisi na pweza wa moto. Nenda na viatu visivyoogopa maji, maana sakafu ya Feri haikauki. Na ukitaka kula kwa utulivu, chukua bakuli lako usogee upande wa pantoni. Hapo utawaona wa Kigamboni wakishuka kwa mamia, na kila mmoja ana wa kumuuzia muhogo wa kukaanga, yai la kuchemsha au dafu kabla hajafika Posta.

Dafu la asubuhi nalipendekeza kwa moyo wote. Mwuzaji analikata kichwa kwa panga, unakunywa umesimama, kisha unamrudishia alipasue na akuchongee kijiko kutoka kwenye ganda lenyewe, ukombe nyama yake laini. Hakuna glasi ya kuoshwa wala mrija wa plastiki.

Kutoka hapo, twende Kariakoo, na Kariakoo tukae.

Soko Kuu lenyewe, lile lenye paa la miavuli ya zege lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Wafanyabiashara wakatawanywa, ujenzi ukachukua miaka, na muda wote huo chai haikuhama. Ilisogea tu hatua chache, kwenye mitaa ya Mchikichi, Swahili, Sikukuu na Narung'ombe, kwa kuwa wabeba mizigo, washona nguo, madereva wa bajaji na wanunuzi waliotoka mikoani waliendelea kufika, na waliendelea kuwa na njaa.

Asubuhi ya Kariakoo ni ya vitumbua. Kitumbua kizuri huanza jana yake. Mchele unalowekwa mchana, jioni unasagwa pamoja na tui zito la nazi, iliki, sukari na hamira kidogo, halafu uji wake unafunikwa uumuke usiku kucha. Alfajiri mpishi anawasha mkaa na kukiweka jikoni chuma chake chenye mashimo ya mviringo. Kila shimo linapata mafuta kidogo, yakipata moto anamimina upawa wa uji, unachirizika. Hapo ndipo kazi ya macho inapoanza. Ukingo unakauka kwanza na kupiga rangi, katikati bado panatetemeka. Akigeuza mapema, kitumbua kinachanika. Akichelewa, kinaungua chini na ndani kinabaki kibichi. Anachomeka kijiti pembeni, anakizungusha mara moja ndani ya shimo lake, kinalala upande wa pili. Mpishi mzoefu anafanya hivyo kwenye mashimo yote bila kutazama chuma, huku anahesabu chenji na kuwasalimia wateja kwa majina ya watoto wao: mama Rehema, baba Juma.

Kipimo changu ni hiki. Pasua kitumbua katikati kabla hujakila. Ndani kiwe na vitundu vingi vidogo, kitoe harufu ya nazi na iliki, na vidole vyako visibaki vikidondoka mafuta. Kama ndani kimeshikamana na kinavutika, hicho kimetiwa unga wa ngano ili kupunguza gharama ya mchele na nazi. Simlaumu anayefanya hivyo, kwa sababu kitumbua bado anatakiwa akiuze kwa shilingi mia mbili au mia tatu wakati nazi inazidi kupanda. Lakini ladha haidanganyi, na wateja wa Kariakoo wanajua. Ukiona mpishi mmoja ana foleni na jirani yake anapepea nzi, usijiulize sana.

Pembeni ya vitumbua utakuta maandazi, sambusa, mkate wa kumimina, mihogo na chapati. Utakuta pia sufuria mbili ninazozithamini kuliko vyote hivyo: maharage ya nazi na mbaazi za nazi. Chapati ya moto iliyochanwachanwa juu ya maharage ya nazi ni chakula cha mtu atakayebeba magunia hadi saa nane mchana, na anayekwenda kukaa ofisini akila sahani nzima atasinzia. Mbaazi kwa maandazi ni nyepesi kidogo. Hizo mbili ukizitaka kwa mapishi ya nyumbani hasa, Jumamosi asubuhi ingia ndani ya Magomeni au Temeke, kwenye nyumba za Uswahilini ambako kina mama wanauzia barazani kwao. Watoto wanatumwa na bakuli na sahani ya kufunikia. Hakuna meza, ila ukiomba kigoda kwa adabu utapewa, na ukianza na shikamoo utapewa na mbaazi za kujaa.

Halafu kuna kahawa. Mwuza kahawa wa Kariakoo anatembea na birika lake juu ya jiko dogo la mkaa, anagonganisha vikombe ili ajulikane anapita. Kahawa ni chungu, nyeusi, haina sukari, na kashata ya karanga ndiyo inayoituliza. Kijiwe cha kahawa hakikamiliki bila magazeti, na hakikamiliki bila Simba na Yanga. Klabu zote mbili zina makao yao hapa hapa, Simba mtaa wa Msimbazi na Yanga makutano ya Twiga na Jangwani. Asubuhi baada ya mechi ya watani, kaa kijiweni hata kama hupendi mpira. Utasikia Kiswahili kinachotembea kwa kasi na ufundi ambao hakuna redio inayoufikia.

Saa nne inapogonga, jiji linabadili sufuria. Ni zamu ya supu.

Kile ambacho hoteli zinakiita branchi, yaani mlo wa kati unaomkamata mtu aliyechelewa kula asubuhi na asiyetaka kungoja mchana, Dar ilikuwa nacho zamani, na jina lake ni supu na chapati. Tena chenyewe kina mpango wake mzima nyuma yake. Ng'ombe wanaoliwa jijini wengi wanatoka mikoa ya bara. Wanafika mnada wa Pugu, wananunuliwa, wanapelekwa machinjioni Vingunguti, na kabla hakujapambazuka nyama imeshaanza safari ya kwenda mabuchani. Steki na mbavu zinapata wateja wa kilo. Miguu, vichwa, ndimi na matumbo vinachukuliwa na wapishi wa supu, na huko ndiko ilikojificha ladha.

Kongoro ni kazi ya usiku. Mguu unababuliwa manyoya motoni, unakwanguliwa kwa kisu mpaka ngozi inang'aa, unapasuliwa kwa shoka, kisha unachemshwa taratibu na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu kwa saa nyingi. Mpishi hana haraka, na asiwe nayo, kwani kongoro la haraka ni mfupa na maji ya moto. Likiiva sawasawa, ngozi inateleza yenyewe kutoka kwenye mfupa na mchuzi unakuwa mzito, unanata midomoni. Utumbo nao unataka mkono safi. Kama haukuoshwa vizuri utajua kabla bakuli halijafika mezani.

Agiza hivi. Sema unataka supu ya nini: kongoro, utumbo, nyama, mbuzi, kuku wa kienyeji, au mchanganyiko. Taja chapati ngapi. Ikifika, onja kwanza mchuzi mtupu. Ndipo ukamue ndimu, uongeze chumvi kidogo na uikate pilipili mbuzi pembeni, usiitumbukize yote. Nyama ikibaki na mchuzi umekwisha, mwambie mhudumu akuongeze. Sehemu nyingi mchuzi wa nyongeza haulipiwi, na mahali wanapokutazama vibaya kwa kuomba mchuzi ni mahali pa kutorudi.

Wapi? Vingunguti na Buguruni kwa sababu ya ukaribu na machinjio, na kwa sababu wanaoshuka pale ni watu wa kazi ngumu ambao hawakubali supu ya maji. Tabata, Sinza na Kinondoni kwa Jumapili, wakati vijana waliokesha na wazee waliotoka misa ya kwanza wanakaa meza moja chini ya mwembe wa baa, kila mmoja na sababu yake ya kuhitaji mchuzi wa moto. Ukiwa Sinza au kando ya barabara ya Morogoro kuelekea Kimara, ulizia mtori. Migahawa ya watu wa Kilimanjaro huupika kwa ndizi zilizopondwa pamoja na nyama hadi zikawa uji mzito wa chumvi. Huko kwao mzazi aliyejifungua hulishwa huo apate nguvu. Mjini tunaunywa wote.

Kisutu ni habari nyingine kabisa, na nasikitika kuona wakazi wengi wa Dar wanaipita kila siku bila kuingia. Katika mitaa ya Jamhuri, Zanaki, Libya na Indira Gandhi kuna vyumba vya chai vya Watanzania wenye asili ya Kihindi ambavyo vimeshikilia mapishi yao kwa vizazi. Chai inachemshwa ndani ya maziwa na tangawizi, iliki na mdalasini, inakuja na utando juu. Pamoja nayo kuna katlesi, kababu, kachori, bajia za dengu na chatne ya nazi au ya ukwaju. Asiyekula nyama Dar atateseka sehemu nyingi asubuhi, kwani hata maharage huenda yakawa na mfupa. Hapa atakula hadi achoke. Karibu na mahekalu ya mtaa wa Kisutu, maduka ya mithai yanauza chauro, gathia na jalebi. Soko la Kisutu lenyewe sasa ni jengo la ghorofa, na ukimaliza chai unaweza kuingia ukanunua mboga za wiki. Nenda Jumamosi. Utazikuta familia za marika matatu, bibi akimwagia mjukuu chai kwenye sahani ipoe.

Posta nitaipita haraka. Chai ya maofisini haina mahali, ina mtu. Kila jengo lina mama wake anayepanda na hotipoti ya chapati, chupa ya chai ya maziwa, chupa ya uji wa ulezi na ndoo ya vitafunwa, na daftari la madeni la kulipwa mwisho wa mwezi. Mgeni hawezi kumpata mpaka amjue mtu wa ndani.

Sasa Masaki. Hoteli na mikahawa ya rasi ile, pamoja na Slipway na Sea Cliff, inafanya vizuri kazi yake: kahawa ya mashine, mayai ya namna zote, mikate ya Kifaransa, matunda yaliyokatwa vizuri, kiti cha mtoto, choo kisafi, maegesho, na bahari mbele yako. Hoteli kubwa za mjini nazo, ikiwemo Kilimanjaro iliyofunguliwa mwaka 1965 na sasa ikiwa chini ya jina la Hyatt Regency, zinaandaa meza ndefu asubuhi. Kwa mkutano wa kazi, kwa mzazi mwenye watoto wadogo, au kwa mtu aliyeamua kumtoa mama yake Jumapili akae kwenye kitambaa cheupe, fedha hiyo haijapotea. Nung'uniko langu ni moja. Katika nchi inayolima kahawa Kagera, Kilimanjaro na Mbeya, yenye ndizi, magimbi, viazi vitamu na nazi, meza nyingi za aina hiyo zinamweka Mtanzania kwenye kona ndogo: sufuria moja ya maharage, viazi vichache na chapati zilizopoa. Mpishi anayejua kutengeneza mchuzi wa kimataifa anashindwaje kuumua vitumbua? Zipo hoteli zilizoanza kumweka mpishi wa chapati mbele ya wageni, na foleni yake huwa ndefu kuliko ya mkate. Zitazame hizo.

Lakini hofu yangu kubwa haiko Masaki. Jiji linajengwa upya kwa kasi, na michoro mingi haina nafasi ya chai. Mradi wa mabasi ya mwendokasi ulipoanza Mei 2016, vituo vyake vilijengwa vya kupita tu: unaingia, unakata tiketi, unaondoka. Februari 2021 kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilihamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis, na jeshi zima la wapishi waliokuwa wakiwalisha abiria wa alfajiri Ubungo likapoteza wateja wake. Miezi michache baadaye, machinga na mama lishe waliondolewa kandokando ya barabara jijini na kupangiwa maeneo. Baadhi walipelekwa ambako hakuna anayeshuka, na chakula bila anayeshuka hakiuziki hata kikiwa kitamu vipi. Hawakuwa na la kufanya ila kurudi kimyakimya, asubuhi na mapema, wakisikilizia hatua za mgambo.

Sisemi barabara zisipangwe. Mwaka 2015 kipindupindu kilipolipuka, kikianzia Kinondoni, tulijifunza kwa uchungu gharama ya chakula kilichopikwa pasipo maji safi. Lakini dawa yake ni bomba, mtaro, paa na sehemu ya kutupia taka, pale pale watu wanapopita. Mama lishe anayeambiwa aachane na mkaa, sawa na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, anahitaji mahali pa kudumu pa kuuweka huo mtungi wa gesi. Asiyejua kesho atakuwa wapi hawezi kununua jiko zito. Kila kituo kipya cha mwendokasi au cha treni ya SGR kingepaswa kuwa na safu ya majiko kumi tu, yenye maji, kwa bei ambayo mwuza vitumbua anaimudu. Hiyo ni miundombinu kama ilivyo taa na lami.

Kwa sasa, mteja ajilinde mwenyewe, na si vigumu. Angalia kama kuna ndoo yenye koki na sabuni. Angalia kama vyombo vinaoshwa kwa maji yanayobadilishwa. Kula kilichotoka motoni mbele yako, kachumbari ya kukaa iache. Na fika mapema. Vitumbua vya Kariakoo vinakwisha kabla ya saa tatu, supu nzuri haivuki saa tano na nusu, na sufuria ya supu iliyojaa saa sita mchana inatia shaka.

Mwezi wa Ramadhani saa zote hizi zinapinduka. Majiko mengi ya Kariakoo, Magomeni na Temeke yanalala asubuhi, na yanayobaki wazi yanatundika pazia kwa heshima ya waliofunga. Usidhani wapishi wamepumzika. Saa kumi jioni wanakuwa wameshatoka nje na vyuma vyao, na uji wa mchele wenye pilipili manga, tambi, magimbi ya nazi na kalimati vimejazana mezani. Hapo nunua mapema na ubebe kwako, kwa kuwa saa kumi na mbili unusu mitaa yote inakuwa imekaa chini kula, na hakuna wa kukuuzia.